Sir William Mackinnon: Tajiri wa Meli Aliyeikodi Pwani Yetu

Basi letu la usiku kutoka Nairobi lilisimama Mackinnon Road alfajiri, na abiria kadhaa wakateremka kwenda kuswali katika ule msikiti wa Sayyid Baghali ulio kando ya reli. Nilikuwa nimefuatana na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kisauni, kijana aliyeanza kushika mshahara majuzi tu. Mfukoni mwake mlikuwa na waraka wa kampuni moja inayouza hisa, naye alikuwa ameusoma mpaka kingo zikachakaa. Tulipokuwa tukinywa chai ya maziwa kibandani, akakiangalia kibao cha stesheni akaniuliza, mjomba, huyu Mackinnon alikuwa nani?

Nikamjibu kwamba ni mtu aliyewahi kuuza hisa za nchi yetu kabla sisi wenyewe hatujaulizwa. Akacheka akidhani ni mzaha wa wazee. Kutoka pale mpaka Mariakani nikamsimulia, na leo nawasimulieni nanyi, wasomaji, maana hadithi hii wengi tumeisoma shuleni mistari miwili tu.

William Mackinnon alizaliwa mwezi Machi, 1823, katika mji mdogo wa bandari uitwao Campbeltown, magharibi ya Scotland. Hakuzaliwa katika mali. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika duka la vyakula mjini kwao, kisha akaenda Glasgow akafanya kazi katika ghala la hariri, halafu katika ofisi ya mfanyabiashara aliyeuza na kununua vitu vya Mashariki. Hapo ndipo alipojifunza daftari. Nasi watu wa pwani tunao msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana huyu aliuelewa msemo huo ingawa hakupata kuusikia.

Mwaka wa 1847 alisafiri hadi Bara Hindi, akamkuta Robert Mackenzie, waliyesoma naye utotoni, akifanya biashara ya pwani katika Ghuba ya Bengal. Wakashirikiana wakafungua nyumba ya biashara mjini Calcutta kwa majina yao mawili, Mackinnon Mackenzie. Shirika lile lilikuwa kama la watu wawili wanaofungua duka pamoja: faida nusu kwa nusu, na deni vilevile. Mwaka wa 1853 Mackenzie akafa maji meli yake ilipozama katika safari ya Australia. Mackinnon akabaki na jina la rafiki yake mlangoni, wala hakuliondoa.

Mwaka wa 1856 serikali ya huko ilitaka mtu wa kupeleka barua kwa meli za moshi baina ya Calcutta na Rangoon. Hapa ndipo akili ya mtu huyu inapoonekana. Meli ya moshi ni chombo ghali. Nyumba ya biashara ya mtu mmoja au wawili haiwezi kuinunua kwa akiba yake. Kwa hiyo Mackinnon alianzisha kampuni ya hisa yenye mtaji wa pauni 35,000, akawaendea jamaa zake, marafiki zake na wafanyabiashara wa Glasgow waliomjua. Hakuwaambia wanunue ndoto. Aliwaonyesha mkataba wa barua: malipo yatokayo serikalini kila mwaka, meli ikijaa au isijae. Mizigo na abiria ni bahati, barua ni hakika. Mwenye pesa akiona hakika hufungua mkoba.

Kampuni hiyo mwaka wa 1862 ikapata jina jipya, British India Steam Navigation Company. Wazee wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa hilo. Ndizo zile meli za BI. Karanja na Kampala za mwisho mwisho walizipanda wenyewe kwenda Bombay, au waliwapokea wageni wao kutoka humo pale Kilindini. Zilianzia kwenye zile pauni 35,000. Kila Mackinnon alipopata mkataba mwingine wa barua alitafuta mtaji mwingine, akanunua meli nyingine, na mwaka wa 1872 akapata mkataba wa kuleta barua kutoka Aden hadi Unguja kila mwezi. Kabla ya hapo barua ya mfanyabiashara wa Unguja ilingoja jahazi na pepo za msimu.

Sasa lazima nigeuke kidogo nizungumzie benki, maana bila benki hii huwezi kumjua Mackinnon. Na nikiri kwamba mimi mwenyewe nina sababu yangu ya kuizungumzia.

Palikuwa na benki mjini Glasgow iitwayo City of Glasgow Bank, iliyoanzishwa mwaka wa 1839. Mackinnon, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Benki hiyo iliwakopesha wafanyabiashara wachache pesa nyingi kupita kiasi, na wafanyabiashara wale wakashindwa kulipa. Katika hesabu safi, deni lisilolipika hufutwa, na hasara yake huonekana wazi katika mizania ili mwenye hisa aione na aumie mapema. Wale hawakufanya hivyo. Madeni mabovu yaliandikwa kama mali. Riba ambayo haikulipwa na mtu yeyote ikaandikwa kama mapato. Kisha kutokana na mapato hayo ya wino mtupu wenyehisa wakagawiwa faida, nao wakafurahi, na mwaka wa 1878 wenyewe waligawiwa asilimia 12. Bei ya hisa ilipotaka kulegea, benki ilinunua hisa zake yenyewe kwa siri ili bei isimame.

Oktoba 1878 ikaanguka. Sasa msomaji, sikiliza jambo hili. Siku hizi ukinunua hisa za shilingi 5,000 na kampuni ikafa, umepoteza shilingi 5,000, basi. Hakuna atakayekuja kubeba ng'ombe wako. Benki ile haikuwa na kinga hiyo. Kila mwenye hisa alibeba deni lote la benki mpaka senti yake ya mwisho. Aliyekuwa na hisa za pauni 100 alitakiwa kwanza kuleta pauni 500, na zilipotumika zikiwa hazijatosha, akatakiwa kuleta nyingine 2,250. Wenyehisa walikuwa 1,819. Walipomaliza kukamuliwa, waliobaki wakiweza kulipa madeni yao walikuwa 254 tu. Wengi walikuwa watu wa akiba ndogo, wajane na mabinti wasioolewa, walioachiwa hisa na marehemu baba zao kama kitu cha salama kuliko shamba. Mwanzoni mwa 1879 meneja na wakurugenzi sita wakahukumiwa kifungo, wawili miezi 18 na wengine miezi minane. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzilazimisha benki zenye kinga ya dhima kukaguliwa hesabu zake na mtu wa nje. Wakaguzi wa hesabu wanaokuja ofisini kwenu na kalamu zao nyekundu, asili yao mojawapo ni machozi ya Glasgow.

Na Mackinnon? Yeye alikuwa ameondoka katika benki ile mwaka wa 1870. Aliona njia inayofuatwa, akawashauri wenzake waiache, wakakataa, akajiuzulu. Benki ilipokufa wafilisi walimshtaki wakimdai kama pauni 400,000 kwa mambo ya zamani alipokuwa mkurugenzi. Alishauriwa akubali suluhu atoe kidogo yaishe, lakini akakataa katakata. Kesi ikachukua muda mrefu, na mwishowe mahakama ikamwona hana hatia kabisa. Ikathibitika kwamba yaliyofanywa yalifanywa kinyume cha ushauri wake.

Mpwa wangu akasema, basi alikuwa mtu mwema. Nilinyamaza mpaka tulipopita Taru.

Nilinyamaza kwa sababu mimi nimekuwa karani wa hesabu kwa miaka mingi, na mahali pamoja nilipofanya kazi, ambapo sitapataja, niliambiwa niyaandike madeni yaliyokufa kama madeni yaliyo hai. Niliandika mwaka mmoja. Mwaka wa pili nikatafuta kazi kwingine, nikaaga vizuri, nikala keki ya kuagwa, wala sikumwambia mtu. Miaka mitatu baadaye mahali pale pakafungwa, na waliokuwa wameweka akiba zao wakapanga foleni nje ya mlango uliotiwa kufuli. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wangu wa darasa la nne. Kwa hiyo nisomapo kwamba Mackinnon aliwaonya wakurugenzi wenzake kisha akaondoka, najua mahakama ilisema kweli. Lakini onyo lile lilitolewa katika chumba cha mkutano, na wajane wenye hisa hawakuwamo chumbani. Miaka minane ni mirefu.

Tuje sasa pwani yetu. Tangu meli zake zilipoanza kutia nanga Unguja, Mackinnon alimzoea Sayyid Barghash, na mwaka wa 1877 wakaanza kuzungumza juu ya kuikodi bara ya Sultani kwa miaka 70. Serikali ya Uingereza haikulitia nguvu jambo hilo, likafa. Miaka kumi baadaye hali ilikuwa nyingine. Wajerumani walikuwa wameingia, na mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara kwa kalamu. Tarehe 24 Mei, 1887, Barghash akalikodisha kundi la Mackinnon ukanda wa maili kumi kutoka pwani, baina ya mto Umba na Kipini, kwa miaka 50, na haki ya kutoza ushuru wa forodha, kuweka mahakama na kutoa ardhi. Tarehe 3 Septemba, 1888, Malkia Victoria akaipa kampuni hati ya kifalme, nayo ikaitwa Imperial British East Africa Company. Barghash alikuwa amekwisha kufariki mwezi Machi mwaka huo.

Mtaji wa kampuni hii, kwenye karatasi, ulikuwa pauni 2,000,000. Mpwa wangu alipousikia akapiga mluzi. Nikamwambia atoe waraka wake mfukoni, atafute mahali palipoandikwa mtaji ulioidhinishwa, kisha atafute mtaji uliolipwa, aone kama ni kitu kimoja. Sote tumekwenda harambee. Mheshimiwa anasimama anaahidi laki, watu wanapiga makofi, mwandishi anaandika laki. Lakini mwashi wa darasa halipwi kwa makofi. Katika zile pauni milioni mbili, zilizoahidiwa na waanzilishi mwanzoni zilikuwa kama robo milioni tu. Mackinnon na jamaa zake walitoa, matajiri wa pamba na wa meli walitoa, na watu wa dini na wapinzani wa biashara ya utumwa walitoa pia. Kwa robo milioni hiyo kampuni ilitakiwa itawale kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria na kupita.

Hapa namlaumu Mackinnon kwa jambo la kihesabu. Katika meli alijua kila tani ya makaa. Alianza na mkataba wenye malipo ya hakika, ndipo akatafuta pesa za watu. Katika Afrika ya Mashariki alianza na pesa za watu, na malipo ya hakika hayakuwapo. Mkataba wa barua ulimpa fedha za serikali; hati ya kifalme ilimpa muhuri wa serikali bila fedha. Zaidi ya hayo, kampuni ilimhakikishia Sultani kodi yake kila mwaka, ushuru uingie usiingie. Mtu aliyezoea kulipwa hata meli isipojaa sasa ndiye aliyeahidi kulipa hata bandari isipojaa.

Kwa miezi ya kwanza mambo yalipendeza. Kampuni ilitoa sarafu zake zenye tarehe ya 1888 na jina la Mombasa, na mwaka wa 1890 ikatoa stempu zake zenye picha ya jua. Tarehe 1 Januari, 1889, huko Rabai, wakala wake George Mackenzie aliwapa hati za uhuru watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wametoroka mabwana wao na kukimbilia misheni, na mabwana wakalipwa fidia kwa kila kichwa. Watu wale walifurahi, na wajukuu wao wako hadi leo. Lakini mimi karani nikifikiri juu ya daftari la siku ile najiuliza kalamu ya aliyeandika ilitetemeka au haikutetemeka: upande mmoja pesa zimetoka, upande wa pili jina la mtu.

Gharama zikaanza. Mwaka wa 1890 kampuni ilianza kujenga njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea Ziwa, na ndiyo iliyokiachia kile kituo jina la Mackinnon Road. Mwaka uleule ikaanza reli nyembamba kutokea Mombasa. Ilifika maili chache ikakatika pumzi. Bila reli, kila kitu kilichokwenda Uganda kilikwenda kichwani mwa mpagazi, ratili 60 au 70 kwa mtu mmoja, safari ya miezi karibu mitatu. Na mpagazi anakula. Pembe za ndovu zilizorudi hazikutosha kulipia chakula cha waliozifuata.

Ndipo kampuni ikamtuma Kapteni Lugard, akafika Mengo Desemba 1890. Uganda peke yake ikawa inameza kama pauni 40,000 kwa mwaka. Hebu piga hesabu mwenyewe: robo milioni, toa kodi ya Sultani, toa njia, toa mishahara, toa 40,000 kila mwaka. Mwaka wa 1891 wakurugenzi waliamua kuondoka Uganda. Wamisionari wakapiga kelele Uingereza, na katika mikutano yao wakachanga zaidi ya pauni 15,000. Mackinnon na rafiki zake wakajazia zilizosalia ili kampuni ikae mwaka mmoja zaidi. Mwaka huo uliolipiwa kwa mchango wa kanisa ndio Lugard alipotumia mizinga yake ya Maxim katika vita vya Mengo, Januari 1892. Hakuna safu ya daftari inayofaa kuandikwa jambo hilo.

Gawio? Wenyehisa wa kampuni hii hawakupata gawio hata mara moja.

Mackinnon alikuwa amepewa cheo cha ubaroneti mwaka wa 1889, akaitwa Sir William. Alikuwa na jumba na mashamba huko Balinakill, na mke, Janet, waliyeoana tangu 1856, lakini hawakujaliwa mtoto. Miaka yake ya mwisho aliitumia akiiandikia serikali barua, akiomba iisaidie kampuni kwa reli au ichukue mzigo wenyewe. Tarehe 1 Aprili, 1893, mjumbe wa serikali, Sir Gerald Portal, aliiteremsha bendera ya kampuni mjini Kampala akapandisha ya Uingereza. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Juni, Mackinnon akafariki katika hoteli moja mjini London. Alizikwa Clachan, karibu na kwake.

Kampuni iliishi kidogo baada yake kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwaka wa 1895 serikali iliichukua nchi, na tarehe 1 Julai ukaanza utawala wa Waingereza wenyewe. Wenyehisa walifidiwa pauni 250,000. Hawakurudishiwa yote waliyotoa, lakini walipata kitu, na si kila mwenye hisa wa kampuni iliyokufa hupata kitu. Hapo mpwa wangu akauliza swali ambalo kila mwanafunzi wa hesabu angepaswa kuuliza: zilitoka wapi?

Pauni 50,000 zilitoka kwa serikali ya Uingereza, kwa kurudishiwa hati yake. Pauni 200,000 zilizobaki zilitoka katika hazina ya Sultani wa Unguja. Nazo zilikuwa pesa zilezile ambazo Wajerumani walimlipa mwaka wa 1890 walipochukua pwani yake ya kusini, ile ya Tanganyika. Yaani aliuzishwa kusini, na bei ya kusini ikatumika kuikomboa kaskazini kutoka kwa mpangaji, na alipokwisha kuikomboa, hakukabidhiwa. Waingereza ndio waliokaa. Kijana akachukua kalamu akajaribu kuiandika kwenye mgongo wa ule waraka wake, mkono wa kushoto na mkono wa kulia, akafuta, akaandika tena. Haikulingana. Nikamwambia asijisumbue, nimejaribu mara nyingi.

Mombasa paliwekwa sanamu yake shaba tupu, katika kiwanja kilichokuwa na jina lake, mbele ya ofisi za hazina. Baada ya Uhuru sanamu ilipelekwa Scotland, na mahali penyewe leo ni Treasury Square. Nilipokuwa karani kijana nilipita pale kila asubuhi na bahasha za benki kwapani.

Tuliposhuka Mwembe Tayari tukaagana. Sikumkataza kununua wala sikumwambia anunue. Pesa ni zake. Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani Jumapili baada ya chakula, waraka mkononi, na mizania za miaka mitatu alizozipata kwa kuandika barua kwa kampuni yenyewe. Alikuwa amepiga mstari chini ya hesabu ya wadaiwa. Mwaka wa kwanza ilikuwa ndogo, mwaka wa pili kubwa, wa tatu kubwa zaidi, na faida ikipanda pamoja nayo. Akaniuliza, mjomba, hawa wanaodaiwa ni nani, na mbona hawalipi? Nikavaa miwani, nikamwambia dada yangu atuongezee kahawa.